Aliyeitika Mtoni

Kama kuna mtu anayejua kupitisha gari la Probox kwenye mchanga kutoka Mbooni mpaka Tseikuru, ni mimi, Kivuva. Uliza mtu yeyote. Shule niliiacha darasa la sita, lakini gari nalisikiliza vile daktari anasikiliza kifua. Kwa hivyo radieta ilipoanza kufuka moshi tukiwa tumepita Kyuso, jua likizama, sikushtuka hata kidogo. Nilisimama ukingoni mwa mto wa mchanga, nikachukua jerikeni.

"Hii ndiyo gari uliniambia inafika Tana bila kupumzika?" mke wangu Ndunge akauliza.

"Inafika. Ni vile ulikula sana pale Mwingi, umeilemea."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. Sijamsikia akicheka tena.

Tulikuwa tunaenda Krismasi kwa mama yangu. Nyuma alikaa binti yetu Kanyiva na mtoto wake wa kwanza, mvulana, mchanga kabisa. Na huyo mtoto hakuwa na jina.

Hapo wacha nieleze. Kwetu Ukambani, mtoto akizaliwa anangojewa siku chache, halafu wazee wanamtaja jina na kumvisha shanga. Kabla ya hapo, watu wa zamani hawakumhesabu kuwa mtu. Walimwita kiimu, yaani roho, kitu ambacho bado hakijaamua kama kitakaa au kitarudi kilikotoka. Sisi ni watu wa kanisa. Hiyo kiimu tunaisema kwa utani tu. Kanyiva hajaolewa, kwa hivyo kumpa mtoto jina ilikuwa kazi ya nyumba yangu, na mama akapiga simu: "Mtu asimguse na jina. Nitamtaja mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, Krismasi." Nani atabishana na mama? Siku za kumtaja zikapita. Tukangoja.

Mvua ilikuwa imekwisha, mto ulibaki mchanga mtupu. Katikati nikaona shimo la maji, lile la kuchimbwa kwa mikono. Mwanamke alikuwa ameinama hapo, anateka kwa kata.

Krr... krr... kata ikikwangua mchanga chini.

Nikamsalimu kwa Kikamba. Akaitikia vizuri. Alikuwa mama wa makamo, lesso kichwani, ananuka ugoro na udongo mbichi. Akanijazia jerikeni bila kuombwa. Mimi huyo nikaanza kumweleza habari za gari langu. Wanawake hupenda kunisikiliza.

Lakini yeye alikuwa anaangalia nyuma yangu. Kanyiva alikuwa ameshuka na mtoto kupata hewa.

"Mnaenda wapi na mgeni?" akanong'ona.

"Kwa nyanya yangu, Tseikuru," Kanyiva akajibu.

"Anaitwa nani?"

"Hana jina bado, mami."

"Hana..." Akalirudia hilo neno polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Halafu akanyoosha mikono.

Kanyiva akampa.

Ile hali iliyoniingia hapo, nikutafutie mfano. Umewahi kung'olewa jino? Unadungwa sindano, ufizi unakufa, unasikia daktari akivuta na unajua ni mfupa wako unavutwa, lakini hakuna kitu. Hivyo. Kifua chote. Mwanamke akageuka na mjukuu wangu, akaanza kupanda na mto, taratibu, na mimi nikawa nawaza kama mfuniko wa radieta utakuwa umepoa.

Hakuna aliyesogea.

Krr... krr...

Nikatazama shimoni. Kata ilikuwa inateka. Inapanda, inashuka, inakwangua. Hapakuwa na mkono.

Hata hiyo niliitazama tu, vile mtu anatazama kuku akidonoa.

"Mtoto yuko wapi?" Sauti ya Ndunge ilitoka garini. Yeye hakuwa amekanyaga mchanga.

"Anapelekwa," Kanyiva akasema. Kama anasema gunia limepelekwa posho mill kusagwa.

"Anapelekwa wapi? Kivuva. Muite arudi."

"Nimuite nani?"

Hakukuwa na kitu cha kuita. Mwanamke hatukumjua jina. Na mtoto hakuwa nalo. Unaweza kuita mbwa, unaweza kuita ng'ombe. Huyo hakuwa na pa kushikwa.

Lesso ilikuwa karibu kupotelea kwenye kona ya mto.

"Mpe jina," Ndunge akasema. "Mpe lolote. Sasa."

Lililonijia ni la baba yangu, mzee Kisilu, ambaye tulimzika mimi nikiwa kijana. Si ati nilichagua. Lilitoka tu.

"Kisilu."

Mto ukanyamaza. Kata ikasimama.

"Ii," mtu akaitika.

Sauti nzito. Sauti ya mzee aliyeamshwa usingizini. Na haikutoka kule kwa mwanamke. Ilitoka chini, kwenye mchanga, karibu na viatu vyangu.

Mwanamke akarudi. Hakuwa na haraka. Akamweka mtoto mikononi mwa Kanyiva, akanisogelea mpaka ugoro wake ukaniwasha pua.

"Huyu ndiye umeita," akanong'ona. "Mchukue."

Akaondoka tena akipanda mto. Nilimtazama kwa nyuma mpaka akapotea. Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa kifuani, na alikuwa anatikisa mabega kidogo kidogo, vile mtu anabembeleza.

Nikatia maji kwenye radieta. Gari likawaka mara moja. Tukaenda mpaka Tseikuru.

Mama alikuwa anatungoja mlangoni na taa, shanga za mtoto ziko tayari kwenye kiganja. Akamwinamia kitukuu wake mikononi mwa Kanyiva, akamfunua uso.

Mtoto akakohoa. Ehem... ehem. Si kikohozi cha homa. Baba yangu alikuwa anakohoa hivyo kila jioni kabla ya kuingia nyumbani, ili watu wajue mwenyewe amefika.

Mama akarudi nyuma hatua moja.

"Mmemtaja?"

"Ilibidi, mwaitu," nikamwambia mama.

"Mkamwita nani?"

"Kisilu."

"Wapi?"

"Mtoni."

Akaniinulia taa usoni. "Na nani aliitika?"

Nikatazama viatu vyangu. Akafunga kiganja juu ya zile shanga, akazirudisha kwenye mkebe wake.

"Mwaitu, mvishe basi," Ndunge akasema.

"Hizi ni za mtoto," mama akasema.

Krismasi ikaja. Tulichinja mbuzi, tukaenda kanisani, mchungaji akamwekea Kisilu mkono kichwani na kusema ni mtoto mtulivu sana. Ni kweli. Hajalia hata siku moja. Titi alilikataa tangu ile jioni, anakunywa uji, na ukipita anakufuata kwa macho polepole, kama mzee aliyekaa kwa duka. Mama alimpikia uji huo kila asubuhi na kuupeleka bila kumwangalia usoni. Nilimuuliza mara moja tu, yule wa mtoni ni nani.

"Hilo sijui," akasema. "Mimi najua mume wangu tu."

Tulirudi Mbooni mwaka mpya ulipoingia. Tulifika ule mto saa sita mchana, jua linachoma. Shimo lilikuwa pale pale. Hapakuwa na mtu.

Katikati ya mchanga, tukasikia.

Kilio. Cha mtoto mchanga, kile chembamba cha njaa. Kilitoka huko juu mtoni, kwenye ile kona alikopotelea yule mwanamke.

"Kuna mtoto analia," Ndunge akasema.

Kanyiva akaangalia mapajani pake. Kisilu alikuwa macho, ametulia, anatazama barabara.

"Wangu amenyamaza," Kanyiva akasema.

Kilio kikazidi. Nikamwona Kanyiva kwenye kioo cha kuangalia nyuma. Blauzi yake ilikuwa inalowa. Maziwa yalikuwa yanamtoka yenyewe, pande zote mbili, yanatiririka mpaka tumboni, na yeye anayatazama kama mvua inayonyeshea nguo za jirani.

Ndunge alikuwa anatazama mbele. Mimi nikaingiza gia ya pili.

"Funga hilo dirisha," Kanyiva akaniambia. "Vumbi."