Nilishe, Nikulishe

Tusekile alishuka kwenye bodaboda pale Saza jua likiwa limeshagusa vilima. Mgongo ulimuuma, na mfuko wa karanga za kukaanga alioupakata ulikuwa umempa joto njia nzima. Alitoka Tunduma alfajiri, akabadilisha magari mara mbili, kipande cha mwisho kutoka Galula akakimaliza kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu. Kujaza mashine, kupangusa kioo, kulala kwa mke wa mwenye duka, kesho arudi kwa mtoto wake anayeumwa.

Hizo mashine mnazijua. Bakuli la kioo juu, tundu la sarafu katikati, mkono wa chuma wa kuzungusha, na kimlango chini. Unatumbukiza sarafu, unazungusha, kra... ka, karanga zinakumwagikia kiganjani. Tusekile alinunua sita, zilizotumika, kutoka ng'ambo kule Nakonde, kwa Mzambia aliyekuwa anafunga biashara. Na zilikuwa mbaya jamani! Rangi imebabuka, kutu kila kona, na ubavuni picha ya kasuku aliyefutika macho. Nani anunue karanga kwa kasuku kipofu?

Akazipeleka kwa Brayan, mchapaji wa mabango na stika jirani na soko la Tunduma, kijana anayeijua kompyuta kuliko anavyojua kunyoosha shati lake. Brayan akazipiga rangi ya chungwa, zikawaka. Halafu akamgeukia Nesta, binti wa Tusekile, miaka saba, aliyekuwa amekaa pale dukani akichezea mabaki ya stika.

"Mama Nesta, biashara inataka sura," akasema. "Na sura unayo hapa hapa."

Akampiga picha mtoto akiwa ameachama, pengo la mbele linaonekana, macho yanacheka. Akaipanga picha ili mdomo uangukie sawasawa kwenye tundu la sarafu. Yaani ukitaka karanga, unamlisha Nesta sarafu mdomoni. Juu akaandika NESTA KARANGA. Chini, kwa herufi nene, NILISHE, NIKULISHE.

Tusekile alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hata mimi ningecheka, sitaki kudanganya.

Ambaye hakucheka ni mama yake, Bibi Atuganile. Aliizunguka mashine mara mbili. Akatia kidole kwenye lile tundu, akakitoa haraka.

"Wewe ulipokuwa mdogo, nani alikutia tonge mdomoni?" akauliza.

"Wewe, mama."

"Mimi, na bibi yako. Basi. Mgeni akileta chakula anakiweka mkononi mwangu kwanza, nakionja, ndiyo nakulisha wewe. Hata angekuwa mchungaji. Sasa leo mwanao umemfungua mdomo barabarani, jina umeliandika, na umeandika kabisa kwamba wamlishe."

"Mama, ni stika."

"Haya," bibi akasema, akaingia jikoni. Hakulirudia tena.

Mashine nne zikabaki Tunduma, moja ikaenda Mlowo, moja Saza kwenye machimbo ya dhahabu, mbele ya duka la Edson. Zile tano zilikwenda mwendo wa kawaida. Ya Saza ikachachamaa. Kila Edson akipiga simu ni karanga, karanga, leta karanga. Tusekile alimshukuru Mungu kanisani, mbele za watu.

Wiki hiyo hiyo ndipo Nesta alipoacha kula.

Hakuwa na homa. Zahanati walipima malaria, wakapima minyoo, wakapima choo, hakuna kitu. Mtoto anawekewa chakula anasema, "Nimeshiba, mama." Umeshiba nini wewe, tangu jana hujala? Nimeshiba tu. Mashavu yakaingia ndani. Pumzi yake ikaanza kunuka chuma, harufu ile inayobaki vidoleni ukishika sarafu siku nzima. Na kila jua likizama alikuwa anameza. Mdomo mtupu, koo linapanda, linashuka. Tusekile aliogopa mpaka akakosa usingizi, lakini stika haikumjia kichwani hata mara moja. Nani angeiwaza stika?

Basi jioni hiyo, pale Saza, akajitwika mfuko wake akaelekea kwa Edson.

Akasimama.

Mbele ya mashine kulikuwa na foleni. Wachimbaji, wanaume watu wazima, buti zimejaa tope jekundu, tochi vichwani. Na hawapigi soga. Umewahi kuona wachimbaji ishirini wamekaa kimya? Wa mbele aliinama, akaweka mdomo kwenye sikio la Nesta pale pichani, akanong'ona. Akatumbukiza sarafu. Akazungusha.

Kra... ka.

Karanga zikamwagika chini. Hakuzichukua. Akapiga hatua kuelekea mashimoni, na wa pili akainama. Pale chini karanga zilikuwa kichuguu, zimechacha, zinanuka mafuta yaliyolala. Kuku wa Edson walipita pembeni yake wakidonoa mchanga.

"Edson," Tusekile akaita kwa sauti ya chini. "Hawa wanafanya nini?"

Edson alimvuta kando ya mlango. "Dada, taratibu. Usiwavurugie."

"Nakuuliza wanafanya nini?"

"Kuna jamaa anaitwa Zabron. Miezi minne alikuwa anatoa mawe matupu. Siku hiyo kalewa, akamlisha huyu mtoto sarafu, akamweleza shida zake, utani tu. Kesho yake akakutana na dhahabu." Edson alilamba midomo. "Tangu siku hiyo hakuna anayeshuka shimoni hajamlisha. Karanga hawazigusi. Wanasema hicho chakula ni cha mtoto, ukikila unamnyang'anya."

Kwao Tusekile kuna neno watoto hawaruhusiwi kulitamka, ndagu, ile dawa ya utajiri inayomtafuna ndugu yako taratibu huku wewe unanenepa. Aliyekwenda kuitafuta anajulikana na wote. Lakini yeye hakwenda kwa mganga yeyote. Alikwenda kwa Brayan tu.

Akatoa simu. Akakosea kubonyeza mara mbili.

"Mama, Nesta anaendeleaje?"

"Nimempakata," Bibi Atuganile akajibu. "Ameanza tena yale ya jioni."

Pale mbele, mwanaume mwenye ndevu akainama.

Kra... ka.

"Amemeza," bibi akasema.

Mwingine akasogea. Kra... ka.

"Amemeza tena."

Mwingine. Kra... ka.

"Mama yangu! Tusekile, mtoto anameza haraka hivi, kuna nini huko?"

"Nipe Nesta. Mwekee simu sikioni."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi nyembamba. Pale kwenye foleni kijana mmoja mwembamba alikuwa ameinama, midomo inacheza kwenye sikio la picha.

"Mama," Nesta akanong'ona kwenye simu. "Huyu anasema mke wake yuko leba. Anasema hana hata ya kununulia kanga."

Tusekile aliuma ngumi yake asipige kelele. Kijana akatumbukiza sarafu, akajifuta macho kwa mkono wenye tope, akaondoka.

Sasa alikuwa amebaki mmoja tu.

Huyu hakuwa na tope. Alivaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi, na viatu vyeusi vinavyong'aa, Saza, mahali ambapo hata mbwa ni mwekundu kwa vumbi. Tusekile aliuona mgongo wake tu. Hakuinama kama wenzake. Alichuchumaa taratibu mpaka akawa sawa na sura ya mtoto, kama mzazi anayemsubiri mwanawe amkimbilie. Akanong'ona kwa muda mrefu.

"Huyu anataka nini, Nesta?"

Akaibana simu sikioni.

"Nesta! Anasemaje?"

"Hajasema anachotaka, mama. Ananiuliza tunakaa wapi."

"Usimwambie! Nesta, usimwambie!"

"Nimeshamwambia."

Kra... ka.

Tusekile aliacha mfuko na simu vikaanguka, karanga zikatawanyika. Alikimbia, akaivamia ile mashine kwa kucha. Stika ya Brayan ilikuwa nzuri, ilishika. Akachukua kisu cha kukatia sabuni pale kwa Edson, akachimba, akabandua, akachana lile shavu, lile jicho, lile pengo. Edson alimshika mkono akasukumwa huko. Wachimbaji walirudi, wakamzunguka, taa za vichwani zinamwangaza. Hawakumgusa. Yule kijana wa leba peke yake ndiye aliyesema, polepole, bila hasira.

"Sasa tumwambie nani shida zetu, mama?"

Aligeuka kumtafuta mwenye suti. Hakuwepo. Pale alipokuwa amechuchumaa, vumbi lilikuwa halina alama ya kiatu.

Simu bado ilikuwa inaongea. Aliiokota kwenye karanga.

"...ametema!" bibi alikuwa anapaza sauti. "Tusekile, unanisikia? Ametema mate yana rangi ya kutu. Na anaomba ugali!"

Tusekile alikaa chini kwenye vumbi mbele ya wanaume wote wale, akalia kwa sauti kama msibani.

Alfajiri aliondoka. Edson hakumuaga, na yeye hakutaka kuagwa. Alipofika Mlowo aliibandua stika ile mashine ya pale huku wapita njia wakimcheka. Alasiri Tunduma akabandua zile nne, moja moja, mpaka kucha zikatoka damu. Mabaki yote akayachoma kwenye kopo nyuma ya soko. Moshi ulinuka plastiki. Akamshukuru Mungu, safari hii kimoyomoyo.

Ikabaki ile picha kwenye kompyuta. Akaingia kwa Brayan.

"Futa picha ya mwanangu. Sasa hivi, nikiwa naona."

Brayan alimwangalia vidole, akatoa macho. "Nafuta, dada, nafuta. Lakini si ndiyo kwanza biashara unaipanua?"

"Nani kakwambia?"

"Mzee wako. Yule uliyemtuma."

Tusekile alishika kaunta. "Mzee gani?"

"Amekuja leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nafungua tu mlango. Suti ya kaunda, kiatu kinang'aa, mtu wa heshima kabisa. Anakutaja kwa jina, anamtaja bibi, anataja mpaka mtaa mnaokaa. Kasema umechelewa Saza, umemwagiza achukue stika ya Nesta."

Saa kumi na mbili na nusu. Saa hiyo Tusekile alikuwa bado Saza anasubiri pikipiki. Na kutoka Saza hakuna gari la usiku.

"Ukamchapia," akasema.

"Nikamchapia. Moja tu, lakini kubwa, dada, urefu wa mlango." Brayan alianza kupoteza sauti. "Akataka mdomo niukate kabisa, uwe wazi. Nikamuuliza, mzee, tundu la sarafu gani hilo kubwa hivi? Akacheka. Akasema sio la sarafu. Akasema nilikate liingie mkono."

Sijui Tusekile alifikaje nyumbani. Mwenyewe anasema hakumbuki kuvuka barabara. Anachokumbuka ni kufungua mlango na kumkuta Nesta amekaa kwenye mkeka, amenawa mikono, sahani ya ugali na dagaa iko mbele yake, anakula. Anakula kweli! Tonge, mchuzi, tonge. Mashavu yamejaa chakula. Bibi Atuganile alikuwa anamtazama huku anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mama, umeniletea nini?" Nesta akauliza, mdomo umejaa.

"Nimekuja mwenyewe," Tusekile akasema. Alipiga magoti, akamshika kichwa, akamnusa nywele, shingo, pumzi. Harufu ya dagaa tu. Alifunga mlango, akarudishia komeo. Madirisha yote mawili akayafunga. Habari ya Brayan hakuisema. Alijipa moyo kwamba stika zimechomwa, picha ya kwenye kompyuta imefutwa, na kwamba mchapaji wa mabango anaweza kuongea mengi.

Nje jua lilikuwa linazama.

Akakata tonge kwa mkono wake mwenyewe, akalitowea vizuri, akamsogezea mtoto mdomoni. Nesta alicheka, akaachama kulipokea.

Mdomo ukazidi kufunguka.

Si kama kwenye picha. Zaidi. Pembe za midomo zikavutika zikawa nyeupe, taya likashuka, likashuka tena, kama kuna kitu cha unene wa mkono kinapita pale ambacho macho ya Tusekile hayakioni. Tonge lilimdondoka mkononi. Bibi Atuganile alianza kusali kwa Kindali, lugha ya kwao, haraka haraka. Koo la mtoto likavimba. Likapanda. Likashuka polepole.

Mdomo ukajifunga.

"Ni yule wa jana?" Tusekile akanong'ona.

Nesta akaitikia kwa kichwa.

"Anataka nini, mwanangu? Mwambie aseme, nitampa. Anataka nini?"

"Hataki kitu, mama. Anasema nizoee tu."

Kisha mtoto akaisogeza sahani pembeni kwa adabu, kama alivyofundishwa, akajifuta midomo kwa kiganja.

"Nimeshiba," akasema.