Maneno ya Kaka Yaliyofifia

Fundi cherehani alikuwa akitia zipu kwenye sketi. Mama yake alikaa karibu, akichagua vifungo. Saa tisa alasiri, fundi na kaka yake wangetia saini mkataba wa nyumba aliyoacha marehemu baba yao. Kaka aliishi mbali. Alikuwa ameusahihisha kwenye kompyuta na kuutuma kwenye duka la kuchapa la jirani, na asubuhi fundi akachapishiwa.

Sasa aliusoma tena. Sentensi ya karani aliyeandika mkataba, "Mama ataishi hapa miaka miwili," ilikuwa imekatwa kwa mstari. Mbele yake hapakuwa na kitu.

"Mbona umeacha kushona?" mama aliuliza.

"Uzi umekatika tu, mama."

Ee Mungu, kaka anamfukuza mama? Alishika simu, akaogopa maneno yatakayomtoka. Akaomba kimoyomoyo, akachukua karatasi, akaenda dukani.

"Shoga, unahema kama umekimbizwa na mbwa!" alisema mchapaji.

"Kaka yangu amenimaliza. Soma hapa."

Mchapaji alisoma, kisha akafungua kompyuta.

"Hebu njoo uone mwenyewe."

Kwenye kioo cha kompyuta, baada ya sentensi iliyokatwa, kulikuwa na maneno ya manjano: "Mama ataishi hapa maisha yake yote."

"Mbona kwenye karatasi hayapo?"

"Yapo, yamefifia. Inamisha karatasi kwenye mwanga."

Kweli, herufi zilikuwa hafifu kama vumbi.

"Kosa ni langu," mchapaji alisema. "Masahihisho yana rangi, na printa yangu ina wino mweusi tu. Manjano haionekani vizuri. Nilichapa bila kukagua."

"Sasa tufanyeje? Saa nane hii!"

"Tulia. Naingia kwenye mipangilio ya masahihisho. Rangi zote naziweka nyeusi. Yaliyoongezwa, mistari miwili chini. Yaliyofutwa, mstari katikati. Tunachapa ukurasa mmoja kwanza, tunaulinganisha na kioo."

Karatasi ilitoka. Fundi aliifuata kwa kidole, neno kwa neno. Kila badiliko lilisomeka. Ndipo wakachapa zilizobaki, wakazikagua moja moja.

"Asante, Mungu," fundi alinong'ona. Nusura amtukane ndugu yake bure.

Nyumbani alimsomea mama sentensi ile taratibu.

"Nani ameandika hivyo?" mama aliuliza.

"Kaka."

"Na wewe, je?"

"Mimi ndio naenda kutia saini, mama."