Kola Nyeupe Kwenye Televisheni

Fundi cherehani alikuwa akipiga pasi, na mumewe ameikodolea macho televisheni. Kwa kituo kile humwambii kitu! Chama chake, kituo chake.

"Umeona?" alisema mume. "Jeshi limeukomboa mji. Soko limefunguliwa, watoto wanaenda shule. Shemeji arudi kwake tu."

Shemeji huyo ni mdogo wake fundi. Alikuwa amekimbia vita na wanawe wawili. Sasa mabegi yake yalikuwa mlangoni, na basi ni kesho asubuhi. Fundi alijawa na hofu.

Aliitazama picha ya wanafunzi kwenye televisheni, akaacha pasi.

"Hebu ngoja! Sare za shule ile si huwa nawashonea watoto wa mdogo wangu? Kola nyeupe ziliondolewa mwaka juzi. Mbona hawa wanazo?"

"Ah, wewe nawe na kola zako!"

Fundi hakumjali. Alimwita jirani aliyepiga picha za habari miaka mingi. Mtaani wanamwita Kamera.

"Picha ya zamani hiyo," alisema Kamera. "Mwenye kituo ni mtu wa serikali. Mambo yakiharibika vitani, mtaonyeshwa soko."

Wakageuza kituo cha wapinzani. Hicho kilisema mji wote umekuwa majivu.

"Hao nao wana lao," alisema Kamera. "Moshi tu, hakuna mkazi hata mmoja anayeongea. Ulizeni: kituo cha nani? Picha ya lini? Nani hakuhojiwa?"

Mume alimtazama kwa jicho la pembeni. "Na wewe uko upande gani?"

"Enhe! Hata mimi usiniamini. Mpigieni mtu aliyeko huko."

Mdogo wake fundi akampigia muuguzi wa zahanati ya kwao. Wote wakasikiliza.

"Ng'ambo ya mto kumetulia kweli," alisema muuguzi. "Lakini huku kwenu, wanajeshi wanalala madarasani na risasi hazikomi. Ukileta watoto, nitakugombeza mpaka ukome!"

Mume aliona aibu. Alinyanyua mabegi mwenyewe, akayarudisha chumbani.

"Nisamehe, shemeji," alisema. "Ningekupeleka kwenye kifo huku nakuaga."

Tangu hapo, nyumba ile hutazama vituo vyote viwili, kisha hupiga simu.

Siku ya nne baada ya simu ile, shule ya watoto ilipigwa bomu. Kituo kimoja kililaumu waasi, kingine kililaumu jeshi. Wale watoto wawili walikuwa mezani kwa fundi, wakigombea kijiko.