Kabati Lisilokubali Kujazwa

Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, kwa macho haya mawili ambayo daktari aliyapima akasema yangefaa kazi ya upolisi, sema tu sikumaliza shule. Bawaba ilipolia nilikuwepo. Kafuri iliponuka nilikuwepo. Hata pale ambapo Abdikarim alikuwa peke yake ndani ya gari na vioo amepandisha, mimi nilikuwepo. Usiniulize nilikaa wapi. Sikiliza.

Ilianza na kitu kidogo, karibu cha kuchekesha. Abdikarim alitoka kuswali alasiri, akafungua gereji ya nyumba yake pale Mosocho, akakuta vitu vyote alivyopanga ndani ya kabati jipya la ukutani viko chini sakafuni. Havikuanguka. Vilikuwa vimeshushwa. Makopo ya oili, pedi za breki, jeki, sanduku la spana, vimelazwa kimoja nyuma ya kingine, mstari mmoja, kama watoto wa nasari wanaopelekwa chooni. Milango ya kabati ilikuwa wazi, na ndani kulikuwa kumepanguswa safi.

"Ruqiya! Nani amecheza na vitu vyangu?"

Mkewe akatokea mlango wa jikoni, mikono imejaa unga wa chapati. "Mimi na hivyo vyuma vyako tuna undugu gani? Labda kabati lako limeshiba, limetapika."

Akacheka, akarudi jikoni. Abdikarim hakucheka. Yeye peke yake katika nyumba ile alijua kabati lilitoka wapi.

Abdikarim aliuza spea za magari mjini Kisii, na mzigo uliozidi dukani aliuweka nyumbani. Msikitini walimwita Abdi Amini. Ukisafiri unamwachia ufunguo wako, ukigombana na ndugu yako unamwachia shamba mpaka mpatane. Ndiyo maana alikabidhiwa pia stoo ya msikiti. Mtu wa namna hiyo jina lake ni mali, na mwenye mali haachi kuihofia.

Kabati lake la kwanza la gereji alilipenda kwa rangi. Lilikuwa la chipbodi, jeupe, linang'aa kama jino la tangazo. Lakini mvua ya Kisii huijui mpaka uwe na kabati la chipbodi. Lilivimba, likachanika mgongo, na siku moja likashuka na giaboksi mbili juu ya boneti ya gari, hatua moja tu kutoka kichwa cha mwenyewe.

Akaenda kwa Okeyo, fundi seremala kutoka pande za ziwa, mwenye karakana karibu na Daraja Mbili.

"Mzee Abdi, kabati la gereji si la vikombe," Okeyo akamwambia. "Unauliza mbao kwanza, halafu ukuta, halafu ndiyo unauliza rangi. Wewe ulianzia wapi?"

"Kwenye rangi."

"Yawa! Basi shukuru boneti imekufia." Okeyo akashika mlango wa kabati alilokuwa amemaliza kutengeneza, akaning'inia miguu juu kama tumbili. "Mlango usionibeba mimi hautakubebea giaboksi. Niletee mvule kavu, iliyokaa ndani ya nyumba miaka mingi. Ya jana msituni itapinda. Mimi nitaifunga kwa vyuma vya pembe na bolti za kupanuka, tena kwenye zege, si kwenye tofali."

Lakini mvule kavu siku hizi utaipata wapi?

Abdikarim aliipata. Wiki ileile msikiti uliletewa jeneza jipya la chuma. Kwa wale msiojua, jeneza la Waislamu halizikwi pamoja na maiti. Humbeba, humfikisha, hurudi stoo, husubiri anayefuata. La zamani lilikuwa la mvule, na lilikuwa limebeba watu wa mji ule tangu babake Abdikarim akiwa kijana, mpaka likambeba na huyo baba mwenyewe.

Maalim Uzair alimwita Abdikarim pembeni. "Hili ni wakfu. Haliuzwi, halichomwi kuni, wala haliendi nyumbani kwa mtu. Lipeleke makaburini, ulitie ardhini kwa heshima."

Abdikarim akalifunga juu ya gari, akaenda. Kwenye lango la makaburi akasimama. Akatoa mkono dirishani, akagonga ubao mmoja kwa kidole, na ubao ukamjibu kama chuma. Akakaa pale na injini ikinguruma, akijisemea moyoni: ardhini litaliwa na mchwa. Kati yangu na mchwa, nani mwenye haki zaidi? Akaingiza gia, akalipita lango bila kuingia.

Okeyo aliletewa mbao zimeshabanduliwa, akaambiwa ni za kitanda cha zamani cha nyanya yake. Fundi akainusa mbao, akakunja uso. "Nyanya yako alikuwa anajipaka kafuri?" Na siku ya kuja kulitundika kabati akanung'unika, "Mbao hii ni kaidi, Mzee. Nilitaka kabati fupi. Kila nikipima, nikikata, nikirudi kupima, inatoka urefu wa mtu."

Jioni ya siku aliyolichukua jeneza, Maalim alimuuliza, "Umelipumzisha?"

"Nimelipumzisha, Maalim. Wallahi."

"Mungu akulipe." Abdikarim akaitikia amina.

Basi, alasiri ile ya kwanza akavirudisha vitu kabatini. Kesho yake vilikuwa chini. Akafunga kufuli. Vikawa chini, na kufuli imefungwa vilevile. Akajaribu hata kuliegesha gari vingine ili kuuvuruga ule mstari, lakini mstari ulilizunguka gari ukaendelea kuelekea upande uleule. Ni siku alipotandika mswala chumbani, ukuta mmoja tu kutoka gereji, ndipo alipoona mstari unaelekea wapi. Ulielekea kibla. Vitu vyake vilikuwa vimelazwa kama wanavyolazwa maiti.

Halafu ikaja harufu. Kafuri, ile wanayopakwa maiti, marashi ya waridi, na chini yake udongo mbichi uliotoka kuchimbwa.

"Kuna panya amekufa huko?" Ruqiya aliuliza.

"Ni dawa ya mbao," Abdikarim akasema. Uongo wa tatu huwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Mchana mmoja mvua ilishuka kama kawaida yake, radi ikapiga, stima ikapotea, na Abdikarim akiwa gerejini kuokoa maboksi yasilowe akasikia miguu, si ya mtu mmoja, miguu mingi, na haikuwa ikitembea bali ikiburuzwa polepole pale chini ya kabati, kama watu waliobeba kitu kizito wanaopokezana bega, na juu ya ile miguu akasikia mnong'ono wa wengi wanaosema jambo moja kwa pamoja, wakianza upya, wakirudia, na akataka kukimbia lakini akabaki akisikiliza, kwa sababu alikuwa ameyajua maneno yale, ni yale ambayo yeye mwenyewe aliyatamka nyuma ya jeneza la baba yake njia nzima mpaka kaburini, na milango ya kabati ikafunguka taratibu huku bawaba ikilia, kabati tupu, safi, refu, likamtazama kama kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya mgeni.

Hata hivyo hakusema. Alimwona Maalim kila siku, akamsalimia, akamuuliza hali ya mbuzi wake. 

Mtu aliyelipia ukimya huo alikuwa mama yake.

Bi Hawo, ambaye Abdikarim alimwita Hooyo kama wanavyowaita mama zao watu wa ukoo wake, alikuwa mgonjwa wa sukari na miguu ilikuwa imemwisha nguvu. Kwenda msalani tu alishikwa huku na huku. Magharibi moja Ruqiya aliingia chumbani kwake akakuta kitanda kitupu. Walimpata gerejini. Alikuwa amelala chali sakafuni chini ya kabati, miguu imenyooka, mikono imewekwa kifuani, wa kulia juu ya wa kushoto.

"Hooyo! Umefikaje hapa?"

"Nimeletwa," bibi akasema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto. "Abdi, mbona unawaacha watu wa watu kwenye mvua? Wamefika. Wananingoja mimi tu."

"Hakuna mtu, Hooyo."

Akamshika mwanawe mkono akamvuta karibu. "Unafikiri sijui harufu hii? Baba yako alipanda juu ya mbao hizi. Nilizishika mimi kabla hawajamwinua. Umeleta jeneza la watu nyumbani, mwanangu, na jeneza likikaa kwako linadhani kwako kuna mfu."

Abdikarim akapiga magoti. "Nitalitoa. Kesho nitalitoa."

"Usilitoe tu. Lisemee."

Lakini kusema ndiko kulikomshinda. Kesho yake alimwita Okeyo walishushe kimyakimya, walitupe mbali, mtu asijue. Bolti zilizunguka, zikazunguka, hazikutoka. Wakafunga mnyororo kwenye gari, wakavuta. Mnyororo ukakatika. Okeyo akaweka bega chini ya kabati asukume juu, na papo hapo akaacha, akarudi nyuma jasho likimtoka.

"Mzee Abdi," akanong'ona, "hebu niambie ukweli. Hili kabati tumeweka tupu?"

"Tupu. Unaona mwenyewe."

"Sasa mbona limehema?"

Okeyo aliacha bisibisi yake pale, na mpaka leo hajairudia. Alipofika langoni aligeuka mara moja tu. "Uliniambia ni kitanda cha nyanya! Umenifanya nitie msumeno kwenye kitu cha wafu. Mimi nina watoto, omera!"

Siku zilizofuata Bi Hawo aliacha kula. Ruqiya akamwambia mumewe kwa hasira iliyochanganyika na kilio, "Kila lile likabati likifunguka, pumzi ya Hooyo inapungua. Nimekaa hapa nikaangalia. Wewe unangoja nini? Unalinda nini? Hilo jina lako litakuja kumpikia uji?"

Ilikuwa Ijumaa. Baada ya swala Abdikarim alisimama mbele ya watu waliomwita Amini, akashika nguzo, akasema. Alisema yote, gari, lango, mchwa, wallahi. Alipomaliza hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Mzee mmoja aliyekuwa amemwachia hati ya shamba aliinamisha kichwa, akaanza kuvaa viatu.

Maalim Uzair ndiye aliyeinuka. "Kila jeneza lina msindikizaji wake," akasema. "Huyu jini si mbaya, na hajui kabati ni nini. Anajua kubeba. Umemning'iniza ukutani, kwa hiyo anatafuta wa kubeba." Abdikarim akatoa ufunguo wa stoo ampe. Maalim akaukataa. "Weka mfukoni. Utaurudisha tukitoka makaburini. Twende tukamalize kazi yako."

Walijaa gerejini mpaka nje. Maalim akasoma kwa sauti ya chini, bila fimbo wala moshi. Akasema, "Msilivute. Lipokeeni." Wanaume wakaweka mabega, wakatamka yale maneno ya njiani, na bolti za Okeyo zikadondoka moja moja kama maharagwe. Kabati lililoshinda gari likashuka mabegani jepesi kama kapu la mboga za chinsaga.

Wakatoka nalo barabarani, mchana kweupe, wamelibeba kwa heshima zote, bawaba, vishikio na kila kitu. Pale sokoni Tryphosa, muuza ndizi, akasimama mkono kiunoni.

"Obee! Nyie watu! Leo kabati ndiyo imekufa?"

Soko zima likaangua kicheko. Abdikarim alikuwa mbele, mti wa aibu yake umemkaa begani, machozi yanamtoka, na akaiona ile aibu ni haki yake, akaibeba. Halafu kicheko kikakatika. Tryphosa alikuwa amekaza macho kwenye miguu ya wabebaji. Akaketi chini polepole. "Mbona mko wengi hivyo?" akasema, na hakuna aliyethubutu kutazama nyuma.

Walipokaribia lango, lango lilelile, kabati likawa zito ghafla. Kabati tupu, milango imefungwa kwa kamba, likawalemea wanaume wazima mpaka wakayumba, na Abdikarim akahisi uzito wote umekuja upande wake, uzito anaoujua, uzito wa mtu aliyelala. Maalim akasema msisimame. Hawakusimama. Wakalitia ardhini bila kulifungua, wakalifukia, na harufu ya kafuri ikaondoka kama taa inavyozimwa.

Waliporudi nyumbani walimkuta Bi Hawo ameketi kitandani, mto mgongoni. Akamtazama mwanawe aliyejaa udongo, akasema, "Umelisemea?" Akasema, "Basi niletee chai. Tia tangawizi. Na sukari tia, usinibanie."

Hapo ndipo ninapopenda kuachia. Lakini nimesema nilikuwepo, na watu wa Mosocho watasikia. Neno moja si la kweli. Chai. Chai ile ni yangu, niliipika kichwani kwa kumwonea huruma mwanamume yule. Bi Hawo hakuomba kitu. Ruqiya aliwapokea mlangoni akiwa amejifunika, akawaambia ni saa ngapi Hooyo alivuta pumzi ya mwisho, nao wakatazamana, kwa sababu ndiyo saa ile kabati lilipokuwa zito njiani.

Na gerejini, chini ya mashimo ya bolti, lilikuwa limeshafika jeneza jipya la chuma, limeelekezwa kibla, linasubiri. Hakuna aliyelileta. Stoo ya msikiti ilikuwa imefungwa, na Abdikarim alipotia mkono mfukoni, ufunguo ulikuwa bado upo.