Mhakiki wa Pili

"Huyu mhakiki ana roho ya kwanini, nakuapia!"

Mwalimu msaidizi aliifunga laptopu kwa hasira, vikombe vya chai vikatikisika mezani. Mchumba wake, mhadhiri wa chuo cha upande wa pili wa mji, akacheka.

"Pole mpenzi. Kaandika nini?"

Makala yake ya utafiti wa maji ya visima, mwalimu alikuwa amemficha mchumba wake miezi minane, akitaka aione imeshachapwa. Bila makala kuchapwa, mkataba wake wa kazi haufanywi upya. Mkuu wa idara alishamwambia waziwazi. Na jarida alilolitumia makala huficha majina: mwandishi hamjui mhakiki, mhakiki hamjui mwandishi.

"Sikia huyu wa pili, aliyeikataa: 'Mwandishi ana haraka. Visima sita haviwezi kuusemea mji mzima.' Mwanga mkubwa!"

Kicheko cha mwanaume kikakatika.

"Mbona umenywea?"

"Mpenzi... huyo mwanga ni mimi."

"Wewe?"

"Haki ya Mungu sikujua! Ilikuja haina jina."

"Yaani nimekuja kulia kwako, kumbe mchawi mwenyewe ndiye ananimiminia chai!"

Akabeba mkoba, huyoo. Hajamaliza ngazi, meseji ikaingia: "Naweza kumwandikia mhariri leo kwamba inafaa. Usipoteze kazi kwa ajili yangu."

Hapo ndipo alipochemka. Akampigia.

"Nijibu. Visima sita ni vichache au si vichache?"

"Mpenzi, mkataba wako..."

"Nimekuuliza!"

"Ni vichache."

"Basi koma kunihurumia. Mimi si wa kubebwa! Mwambie mhariri unanifahamu, ujitoe. Na usinitafute mpaka nikutafute."

Jamani, dada wa watu alitembea! Wiki saba, chupa za sampuli begani, visima thelathini na kimoja. Mama yake akaviangalia viatu vyake, akaguna.

"Mwanangu, mwenzio anakusubiri. Au ndoa utaifungia kisimani?"

"Mama, niache kwanza niimalize."

Majibu ya maabara yalipotoka, alikaa chini. Nusu ya hitimisho lake la kwanza haikuwa kweli. Lingechapwa lile, angeaibika mbele ya dunia nzima. Akaandika upya, mstari kwa mstari, akatuma.

Mhakiki mpya, asiyemjua mbele wala nyuma, akaipitisha. Mkuu wa idara akasaini mkataba wa miaka mitatu. Ndipo akapiga ile namba aliyokuwa akiikwepa.

"Imepita."

"Nani kaipitisha?"

"Simjui, hanijui. Ndiyo raha yake!"

Mwanaume akasimama, kiti kikasikika kikisukumwa.

"Najivunia wewe mpaka nashindwa kukaa kitini, mke wangu mtarajiwa."

"Taratibu. Nani kakwambia nimekusamehe?"

"Hujanisamehe?"

"Ulisema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi." Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Jumamosi uje nyumbani na wazazi wako."

"Nije niseme nini?"

"Umwambie mama ulinikataa mara moja tu, na hutarudia tena maisha yako yote."