Kiraka Kisichopoa

Siku ya tatu kiraka kilikuwa bado kina joto.

Farida alikigusa kwa mgongo wa mkono, akauondoa, akagusa tena. Fila, ile dawa nzito ya kuzibia bodi za magari, ikishachanganywa na hadina ya kuikausha hupata moto. Hilo alilijua tangu mdogo, kwani baba yake, Mfaume, ni fundi bodi kwenye gereji moja ya Mikocheni, naye alimfundisha kuziba kila kilichotoboka pale nyumbani kwao Tandika, kuanzia mlango wa friji hadi miguu ya kabati. Fila hupata moto robo saa, hukauka, hupoa, basi. Haikai na joto siku tatu. Tena joto lenyewe halikuwa la dawa. Lilikuwa joto la paji la uso la mtoto mwenye homa, na Farida alilijua joto hilo vizuri, maana ndiye aliyekuwa akibadilisha kitambaa cha maji kwenye paji la mdogo wake Twaha siku saba mfululizo, mpaka siku ya nane kitambaa kikawa hakihitajiki tena.

Tundu lenyewe lilikuwa la Twaha. Kila jioni alirudi madrasa amekumbatia juzuu yake na mpira wa mifuko, hana mkono wa kubishia hodi, basi akawa anaupiga teke mlango wa chumba. Mbili za haraka, kimya kidogo, halafu ya tatu. "Mama, nifungulie!" Plaiwudi ikachoka, likafunguka tundu la upana wa kiganja, usawa wa goti. Mama yao, Tabu, alimgombeza sana kwa tundu lile. Mtoto alipokufa, akawa anakaa chini mbele yake, anapitisha kidole kwenye kingo zilizochanika.

"Uzibeni huo mlango," alisema shangazi Najat, zikiwa zimebaki siku mbili hitima ya arobaini ifike. "Watu wanakuja kumsomea mtoto, nyie mnawapokea kwa mlango ulioliwa na panya?"

"Si panya, shangazi."

"Mie najua kama si panya. Ndo maana nikasema uzibeni. Mama yako atapapasa tundu mpaka lini?"

Mfaume akaleta kopo la fila lililobaki gereji na kitube cha hadina, lakini tundu lile hakutaka kuligusa.

"Utaziba wewe, mwanangu. Hadina kidogo tu, kama punje ya kunde kwa donge la fila kubwa kama yai. Ukizidisha itakukaukia mkononi. Na ujifunge kitambaa puani ukipiga msasa. Vumbi la fila likishaingia kifuani halitokagi."

Asubuhi akaenda kazini giza halijatoka, kama alivyokuwa akienda kila siku tangu msiba, na kama kawaida hakurudi mpaka baada ya isha.

Farida aliifanya kazi mbiombio, mama akiwa sokoni. Akapachika kipande cha wavu wa dirisha kwa ndani ili fila ipate pa kushika. Akatafuta kigae cha baba cha kuchanganyia, hakukiona. Juu ya kabati, ndani ya kitambaa, akakuta sahani nyeupe yenye michirizi hafifu ya njano. Akadhani ni mabaki ya mchuzi. Akachanganyia humo humo, na ile njano ikamezwa na fila. Akaziba, akasubiri, akapiga msasa mpaka mkono ukipita hausikii mahali mbao inapoishia na kiraka kinapoanzia. Alipokohoa ndipo akakumbuka kitambaa cha puani, bado kiko msumarini. Akamalizia kwa rangi.

Mama aliporudi aliutazama mlango. Akaweka kiganja pale palipokuwa na tundu.

"Umekuwa mzuri," akasema, na machozi yakamtoka. Farida aliona heri angepigwa kofi kuliko kuyaona machozi yale.

Hitima ilisomwa, pilau ikaliwa, wageni wakausifu mlango. Kesho yake, muda mfupi kabla ya adhana ya magharibi, ikaja harufu. Haikuwa ile harufu kali ya fila. Ilikuwa zafarani na marashi, harufu ya chumba cha mgonjwa. Kisha mlango ukapigwa. Mbili za haraka. Kimya kidogo. Ya tatu.

Mama aliangusha sufuria. Alifungua mlango, ukumbini hapakuwa na mtu. Akaufunga, akapiga magoti, akalaza shavu juu ya kiraka.

"Mama, nifungulie," ikasema sauti ndani ya mlango.

"Amerudi," alinong'ona mama. "Farida, mdogo wako amerudi."

Farida alisimama pale nywele zimemsimama, na jambo la aibu ni kwamba moyo wake nao ulifurahi.

Ikawa hivyo kila jioni. Sauti ilikuwa ya Twaha bila shaka yoyote, na mtetemo wake ule. "Nina kiu, mama. Kichwa, mama. Nifunike." Mama alichovya kitambaa kwenye maji akakanda mlango. Baba aliporudi usiku sauti ilikuwa imeshanyamaza, akadhani ni msiba tu. Siku ya nne akaacha kula, siku ya sita akaacha kutoka chumbani, na Farida aliposhika mkono wake ili amnyanyue akaukuta umepoa kama chupa iliyotoka kwenye friji, huku kiraka kikizidi kuwa cha moto na rangi juu yake ikianza kubabuka na kuonyesha michirizi ya njano iliyojipanga mistari kwa mistari kama maandishi, ndipo alipoelewa kwamba joto lile lina mahali linakotoka, na linakotoka ni mwilini mwa mama yake, na kwamba kama hakuna atakayelizuia, hitima inayofuata itakuwa ya mama.

Alikimbia kwa maalimu Talha, mzee aliyemwandikia Twaha kombe siku za homa, yaani zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa.

"Shikamoo, maalimu."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Alimweleza yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza jambo moja.

"Sahani yangu ya mwisho iko wapi? Mtoto alikufa hajainywa. Niliwaambia wazazi wako waioshe, maji wakayamwage shinani mwa mti, mahali hapakanyagwi."

Farida aliona ile sahani nyeupe kama ipo mbele yake. "Nilichanganyia fila, maalimu. Nilidhani mchuzi."

Mzee akafumba macho. "Maneno yale yalikuwa ya kukiamuru kilichomkalia mtoto kitoke. Mtoto akatangulia, kile kikabaki njiani, hakina mwili. Wewe ukakijengea."

"Kwa hiyo si Twaha?"

"Twaha yuko kwa Mola wake, mwanangu. Hicho kilikaa naye siku saba tu za homa. Na anayekishikilia hapo ni mama yako. Kwa hiyo wa kukiachia ni yeye, kwa mkono wake."

Jioni ile walimkuta mama ameegemea mlango, midomo imepauka. Harufu ya zafarani ilijaa mpaka inakaba koo.

"Tabu, kisomee Ayatul Kursiyu, ukikwangue hicho kitu," alisema maalimu.

"Nimkwangue mwanangu?" Mama hakugeuka hata kidogo. "Mmeshamzika mara moja. Haikutosha?"

Mlango ukapigwa. Mbili. Kimya. Moja.

"Mama, nifungulie."

"Unasikia? Nani mwingine anapiga hivi?"

Farida alipiga magoti kando yake. Alikumbuka Twaha homani, akipiga ubao wa kitanda kwa mguu namna ile ile, akili haipo, anaita mlango ufunguliwe. Akakumbuka kila neno lililotoka kwenye kiraka tangu siku ya kwanza. Kiu. Kichwa. Nifunike. Hakuna hata moja ambalo Twaha hakulisema kwenye kitanda kile cha homa.

"Mama," akanong'ona, "muulize mpira wake aliuita nani."

"Unamchezea mdogo wako?"

"Muulize tu. Akijibu, mie mwenyewe nitamfukuza maalimu."

Mama akakiinamia kiraka, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba, tabasamu la mtu anayejua jibu tayari.

"Baba, niambie. Ule mpira wako uliuita nani?"

Kimya. Nyumba yote ilijua. Twaha aliuita Bosi, aliupigia saluti kila asubuhi, na alikuwa haanzi kula mpaka Bosi awekwe kwenye mkeka. Mtaani muuza maji alipita anapiga kengele ya mkokoteni.

"Maji, mama," ikasema sauti. "Nina kiu."

Tabasamu la mama lilibaki usoni muda kidogo, kisha likaondoka taratibu.

"Humjui," akasema. "Mwanangu wa kucheza humjui. Unamjua wa kufa tu."

Akanyosha mkono bila kutazama, Farida akampa msasa uliolowekwa maji ili vumbi lisiruke. Maalimu akatandika shuka chini. "Isibaki hata chembe," alisema. "Chembe moja ni mbegu."

Mama alikwangua. Alisoma, akakwangua, akalia, akasoma tena, na sauti mle ndani ikaanza kusihi, "Mama unaniumiza, mama taratibu, mama ni mie," na mlango ukapigwa mateke yasiyo na hesabu hadi bawaba zikalia, na maji yaliyochuruzika yakawa ya njano kama zafarani mbichi, lakini mkono wake haukusimama mpaka msasa ukatoboa wavu na mwanga wa jua la mwisho ukapita kwenye tundu, ukaanguka sakafuni, duara dogo, kimya.

Walikusanya kila chembe ndani ya shuka, maalimu akaikamua na kuyamwaga maji na chembe zake shinani mwa mwarobaini ulio nyuma ya ukuta wa msikiti, mahali hapakanyagwi. Mfaume aliporudi alikuta tundu la Twaha mlangoni. Akakaa chini kando ya mke wake, mbele ya tundu, na kwa mara ya kwanza wakalia pamoja.

Kesho yake jioni mama aliomba uji. Mikono yake ilikuwa na joto. Alikunywa bakuli zima, akasema umekosa sukari, na Farida akacheka hadi akapaliwa.

Alikohoa. Kohozi likaleta kooni ladha ya marashi.

Akaweka kiganja kifuani. Chini ya mbavu, mahali padogo, upana wa kiganja cha mtoto, palikuwa na joto. Akaikumbuka siku ile ya kwanza, vumbi jeupe likielea kwenye mwanga, na kitambaa cha baba kimening'inia kwenye msumari.

Msikitini mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti kwa ajili ya magharibi. Ndani ya kifua chake, taratibu kabisa, kitu kikagonga. Mbili za haraka. Kimya kidogo.

"Vipi, mbona umetulia?" aliuliza mama, anakwangua bakuli kwa kijiko.

"Hamna kitu, mama," alisema Farida. "Nikuongezee?"