Kipara cha Kitavi

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeenda River Road, Nairobi, kutafuta mchumba. Lornah mwenyewe alikuwa ameenda kuchapisha vyeti vya wanafunzi wake wa chekechea, amevaa sketi ya samawati na viatu vyeupe. Viatu vyeupe kwenye matope ya River Road, jamani! Nyuma yake mkokoteni wa mabomba ulikuwa unateremka kwa kasi. Kijana mmoja akaruka kutoka mlango wa duka la kuchapisha, akamvuta kwa mkoba. Lornah akageuka, akamzaba kofi.

"Mwizi wewe!"

"Mwizi gani anakuvuta ndani ya duka lake?" Kitavi aliuliza, ameshika shavu. "Madam, hebu angalia nyuma."

Aliangalia. Mabomba yalikuwa yamepita pale pale alipokuwa amesimama.

"Woi! Pole jamani. Imeuma?"

"Sana. Lakini iko na dawa. Chai."

Chai ikazaa harusi. Mkamba wa Mwingi na Mmaragoli wa Vihiga wakapanga nyumba Woodley, na kwa miaka sita wakabishana kwa raha kuhusu kipi kitamu zaidi, mahindi ya muthokoi ya Kitavi au mboga ya mrenda ya Lornah. Kisha Lornah akapata uvimbe kwenye titi. Daktari akasema ni saratani, akaandika dawa za kemo mara sita, kila baada ya wiki tatu.

Tangu hapo Kitavi hakukaa chini. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ilimtapisha mkewe, basi jiko akalihamishia nje. Kijiko cha chuma kilimwachia ladha ya misumari mdomoni, akamnunulia cha mbao. Vidole vya Lornah vilikufa ganzi, na Kitavi ndiye aliyemfunga vifungo vya blauzi, tena upande upande. Wageni wenye mafua walisalimiwa dirishani. Alipangusa vitasa kwa spiriti mpaka rangi ikabanduka. Kazi moja tu ilimshinda, na ndiyo aliyoitaka Lornah zaidi.

"Kitavi, keti kidogo. Nikifa..."

"Ngoja nione uji."

"Uji haujawekwa motoni. Nisikilize."

"Tusiongee hayo, mpenzi. Ashindwe shetani!"

Na huyo, ameenda kupangusa vitasa.

Baada ya kemo ya tatu nywele zilianza kubaki kwenye mto. Jumanne moja asubuhi Lornah alikaa kitandani na kitana mkononi, akalia. "Nimekuwa kama kuku amenyonyolewa nusu," alisema. Kitavi aliondoka na maneno hayo moyoni. Saa saba akaingia kwa Nzau, kinyozi wa jirani na duka lake.

"Toa zote."

"Zote? Kwani kuna nini?"

"Nataka kufanana na bibi yangu."

"Hayo sasa ndiyo mapenzi!" Nzau akasema, akawasha mashine. Wakamba wawili, mmoja kitini na mwingine nyuma yake, na hakuna hata mmoja wa kumwambia mwenzake ngoja kwanza.

Alifika nyumbani akitabasamu, akavua kofia. "Mwalimu! Tazama mumeo."

Kikombe kilimtoka Lornah mkononi. "Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Tumefanana tu."

"Kitavi, nauliza nani amekufa!" Aliangalia kile kipara kinachong'aa kwa mafuta, akafunika uso. "Kumbe ni mimi."

Hakungoja uji wala maelezo. Alimpigia dada yake Joyline, akafungasha nguo mbili, akaenda kwake mtaani Satellite.

Jumatano nzima Kitavi alimpigia simu akiwa dukani. Akatembea mpaka mwisho wa mtaa, akarudi, akapiga tena. Mchana Joyline ndiye aliyepokea.

"Shemeji, kwani hukuuliza mtu?"

"Niulize nini? Shem, hata kosa langu silijui."

Joyline alishusha pumzi. "Sikia. Kwetu wafiwa hunyolewa baada ya mazishi. Mama yetu alipozikwa, baba aliketishwa kwa kigoda uani, akanyolewa yote, sisi tukiangalia. Lornah alikuwa na miaka kumi na minne. Sasa wewe unaingia kwake na kichwa kama hicho, na ni mgonjwa!"

Kitavi alijikuta ameketi juu ya karatasi za mteja. "Haki ya Mungu sikujua."

"Na kesho haendi hospitali kwa kemo ya nne. Anasema maiti haidungwi sindano."

Alhamisi asubuhi bodaboda ilimfikisha Satellite kabla ya saa mbili. Joyline alimzuia mlangoni. "Hicho kichwa usiniingizie kwa nyumba." Basi Lornah akatoka yeye, amejifunga leso begani, amekonda, macho makubwa. Hata hivyo alikuwa mrembo, na Kitavi aliumia kumwona.

"Twende, mpenzi. Miadi ni saa nne, nimeshaongea na nesi, nimebeba maji, na Ngong Road kuna jam..."

"Umeanza tena. Keti."

Aliketi kwenye ngazi ya saruji. Goti lake likawa linaruka. Lornah akaketi kando yake, akalikandamiza goti kwa mkono.

"Leo utanisikiliza mpaka mwisho. Naogopa kufa, Kitavi. Nikipiga mswaki naogopa. Watoto wakiimba darasani naogopa. Nikitaka kukuambia, unakimbilia jikoni. Naogopa peke yangu, na niko na mume! Halafu unakuja umenyolewa. Nikasema, kumbe huyu anajua naenda, ni vile tu ameshindwa kuniambia."

"Ashi..." Kitavi alianza, kisha akalimeza neno. Lilimezeka vibaya, maana machozi yalitoka. Lornah hakuwa amewahi kumwona akilia.

"Hata mimi naogopa," Kitavi alisema. "Ndio maana sikai. Nikikaa tu, hofu inanikuta. Sijui nitafanya nini bila wewe, Lornah. Sijui hata nitaamka vipi."

"Ahaa." Lornah alimwegemea, polepole, kama mtu aliyetua mzigo. "Sasa hapo umeongea."

Goti lilitulia.

"Nisamehe kwa hii nywele. Sikujua."

"Mkamba utajua nini?"

"Sasa nifanyeje? Siwezi kuirudisha."

Lornah alikitazama kile kipara. Akakigusa kwa vidole vyake vya ganzi, mara moja, halafu tena.

"Mbona mbaya hivi? Nzau alitumia shoka?"

"Lornah..."

"Wacha nimalize. Wewe ushaninyolea. Imeisha, huwezi kuninyolea mara mbili. Iliyobaki ni zamu yangu. Mimi ndiye nitanyolewa kwa sababu yako."

Kitavi alimgeukia, hajui acheke au alie zaidi. "Unaniombea nife?"

"Ukiwa na miaka tisini. Umezeeka, hata meno huna, unasumbua wajukuu."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Si nimekwambia? Nitakuwa hapo kwa kigoda, nikinyolewa." Kisha akageukia mlango.

"Joy! Niletee sweta. Naenda kudungwa."